Aliyejua Vichwa, Asiyejua Nyuso

Nilifanya naye kazi miaka kumi na minne, na bado sina hakika kama akinikuta barabarani bila sare yangu atanitambua. Siku moja alinipita soko kuu la Tabora, akasimama kwenye meza ya muuza asali, hatua mbili kutoka niliposimama.

"Shikamoo, Daktari," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Aliniita mama kwa ile adabu ya mtu anayemsalimia asiyemjua. Asubuhi ya siku hiyo hiyo tulikuwa tumeketi pamoja saa tatu nzima.

"Daktari, ni mimi. Sista wa chumba cha picha."

Akashtuka, akavua miwani, akaivaa tena. "Ah! Sista! Umejificha wapi?"

"Ndani ya gauni la kitenge," nikamjibu, na muuza asali akacheka mpaka akaacha kupima.

Tukiwa bado pale akaja mwanamke amemshika mtoto mkono. Akauliza kama Daktari anamkumbuka mwanawe. Daktari alimtazama yule mtoto kwa heshima yote na uso wake ukabaki mtupu. Mama akaeleza: walitoka Ipole, mtoto alikuwa akianguka kifafa, alipigwa picha ya ubongo mwaka wa mvua nyingi. Hapo Daktari akawaka. "Yule mwenye doa dogo nyuma ya sikio la kulia, kama punje ya mtama! Na mfereji wa kushoto una kona isiyo ya kawaida. Mtoto mzuri sana huyu!" Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akamuuliza mtoto kama bado anaanguka. Mtoto akasema haanguki tena.

Ndivyo alivyokuwa. Nyuso zilimteleza, lakini ubongo aliouona mara moja kwenye picha hakuusahau. Mjini walimwita Daktari wa Picha, na wengi waliamini kazi yake ni kupiga picha za pasipoti.

Kazi yake hasa ilikuwa kutafuta magonjwa ambayo mtoto hurithi kwa wazazi wake bila mzazi yeyote kuugua. Ni magonjwa ya jinsi mwili unavyotumia chakula. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hucheka, lakini ndani yake kuna kazi moja ndogo ambayo mwili hauwezi kuifanya. Kuna kipande kimoja cha protini hauwezi kukivunja, basi taka yake hujikusanya polepole. Siku mtoto akishikwa na homa na kushindwa kula, taka ile hufurika na kuunguza ubongo. Watu husema amerogwa, au homa ilipanda kichwani. Daktari alisema ubongo wenyewe huacha alama kwenye picha, na mwenye macho anaweza kuisoma alama hiyo kabla ya homa kufika.

Kila asubuhi nilimwamkia, naye alijibu kwa pumzi moja: "Marahaba, picha ziko wapi?" Kisha alizisoma kwa sauti, kama anayemsomea mtu barua. "Mh. Hapa pazuri. Hapa pazuri. Wewe nawe, mbona umenuna hapa?" Alikuwa akizungumza na picha. Wanafunzi waliotoka vyuoni walibana vicheko siku ya kwanza. Baada ya juma moja niliwasikia nao wakinong'ona na kioo cha kompyuta.

Ukali alikuwa nao, tena mwingi. Ripoti iliyoandikwa "hakuna tatizo" aliirudisha kwa mwandishi wake. "Tatizo hujaliona," alisema. "Andika kwamba hujaliona." Daktari mmoja kijana aliondoka chumbani akilia kwa neno hilo. Lakini mbele ya mtoto sauti yake ilishuka kama mtu aliyeingia msikitini. Watoto wachanga aliwapima kwa mashine ya ultrasaundi kupitia utosini, kabla mifupa haijafunga, na kabla ya kuweka mafuta alimwomba mtoto ruhusa: "Naomba nichungulie, bwana mdogo." Alipenda kusema kwamba utosi ni dirisha ambalo Mungu ameliacha wazi kwa miezi michache, na sisi tunapita nje tukiangalia viatu vyetu.

Kulikuwa na kituko kimoja alichokificha kwa bidii. Alikuwa na hofu ya mahali pembamba. Ile mashine kubwa ya sumaku, inayomlaza mtu kwenye tundu na kupiga kelele kama mafundi bati, hatukuwa nayo. Watoto waliohitaji picha zake tuliwapeleka kwa treni mpaka Dar es Salaam. Aliijua mashine ile kuliko waliokuwa wakiiendesha, lakini yeye mwenyewe hakuwa amewahi kulala ndani yake. Hata choo cha treni aliingia akiacha mlango wazi kidogo, mimi nimesimama nje nimegeuka, nikiwazuia watu.

Treni aliipenda, hata hivyo. Baada ya stesheni kadhaa alianza kusimulia habari za wapagazi wa Unyamwezi waliopita njia hiyo kwa miguu zamani za misafara. "Babu zetu walikwenda pwani na mizigo ya watu wengine vichwani," aliwaambia akina mama waliopakata wagonjwa. "Sisi leo tunakwenda na vichwa vyetu wenyewe. Tusione aibu ya safari." Akina mama hawakuelewa yote, ila walikaa wima zaidi.

Nimesema alikuwa na macho. Nitasimulia sasa siku macho yale yalipokosea, kwa sababu bila siku hiyo hakuna la maana ninaloweza kusema juu yake.

Alikuja mama mmoja kutoka Usoke, mke wa mkulima wa tumbaku. Tulimwita Mama Mihayo. Mgongoni alikuwa na Mihayo, mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Majuma matatu kabla ya hapo Mihayo alikuwa akisimama kwa kushika kiti. Akapata malaria, akatapika siku mbili, na siku ya tatu akaamka mikono imejipinda, shingo imerudi nyuma, mwili wote umekakamaa. Kaka yake aliyemtangulia alipatwa na jambo hilo hilo, akafa. Tukampiga picha ya kichwa kwa mashine yetu ya mionzi. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akaandika kwamba ni madhara ya malaria iliyopanda kichwani. Mama akapewa maneno ya kumpa moyo na mazoezi ya viungo. Akarudi Usoke na treni.

Mwaka uliofuata alirudi kwa ajili ya mazoezi hayo, safari hii na mama mkwe wake. Bibi huyu alikuwa mwembamba na mwenye maneno machache. Tulipokuwa tunampima Mihayo kichwa, Bibi akasema tu, kama anayejisemea, "Hao wa hivi huzaliwa na vichwa vikubwa."

Daktari alikuwa mlangoni anatoka. Akageuka. "Umesemaje, Bibi?"

"Nasema vichwa vyao. Kaka yake alikuwa hivyo. Na ndugu zangu wawili, zamani, tukiwa kwetu Choma. Vichwa vikubwa, watoto wazuri, kisha homa inawavunja."

Daktari aliingia chumba cha picha, akaitafuta picha ya Mihayo ya mwaka uliopita, akakaa mbele yake. Nilipomletea chai alikuwa amesimama, kiganja mdomoni. Akanionyesha kwa kalamu. Pande zote mbili za ubongo, mifereji ya ubavuni ilikuwa imetanuka kama mbawa za popo. "Hii si kazi ya malaria," akasema. "Hii alizaliwa nayo, Sista. Ilikuwa hapa, mbele ya macho yangu. Malaria imekuja kumalizia tu."

Tulichukua damu na mkojo, vikaenda mbali, majibu yakachukua miezi. Yalipokuja yalikubaliana na Bibi.

Wengine wangeandika barua. Yeye alisema twende Usoke. Tulifika adhuhuri na mara tukajua tumeingia katika shauri. Mama Mihayo alikuwa na mimba ya miezi saba, na vitu vyake vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka mlangoni. Shangazi wa mumewe walikuwa wamesema damu ya mwanamke huyu ni mbaya, inakula watoto, arudi kwao akazalie huko. Mume wake, mtu mpole mwenye mikono iliyokolea utomvu wa tumbaku, alikaa kando akichora ardhini kwa kijiti.

Daktari alikataa kiti. "Nimekuja kwanza kuomba radhi," akasema. "Mwaka jana nilitazama picha ya mtoto wenu nikaisoma vibaya. Nilikosea mimi. Hakukosea mama huyu."

Sikuwahi kumwona daktari akisema hivyo mbele ya wakulima. Nao hawakuwahi, kwa jinsi walivyotazamana.

Kisha akaeleza. Kila mtu, alisema, amebeba maagizo ya mwili wake mara mbili, mara moja kutoka kwa baba na mara moja kutoka kwa mama. Agizo moja likiwa bovu, lile zima linafanya kazi, nawe unazeeka bila kujua. Mtoto akipata mabovu yote mawili ndipo anaposhindwa kuvunja kile chakula.

Mume akainua uso. "Kwa hiyo na mimi nimempa?"

"Umempa nusu. Mama yake amempa nusu. Kama mmoja wenu hana, mtoto haugui."

"Sasa kwetu imetoka wapi?"

Bibi alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha. "Kwangu," akasema. "Wale wa Choma walikuwa ndugu zangu, si wa mkeo. Mimi ndiye niliyekubebea." Akawageukia shangazi. "Mkimfukuza huyu, nifungieni na mimi mzigo wangu."

Mume akaenda mlangoni, akaifungua ile shuka, akavirudisha vitu ndani kimoja kimoja, sufuria kwanza.

Mtoto akazaliwa mvua zilipoanza, wakamwita Kabula. Kichwa kilikuwa kikubwa. Daktari alichungulia utosini siku ya pili, akaona zile mbawa za popo, akazima mashine taratibu. Damu ya kisiginoni ikathibitisha. Mama Mihayo alisikiliza huku akimnyonyesha, akauliza swali moja tu: "Huyu bado hajavunjika?"

"Bado," akasema Daktari. "Huyu tumemuwahi."

Hapo ndipo nilipoona akili yake ya pili, ambayo haikuwa ya picha. Mwongozo wa chakula cha watoto hawa ulikuwa umeandikwa nchi za mbali: unga wa kopo, maziwa maalumu, vitu ambavyo Usoke haijawahi kuviona. Aliusoma, akauweka kando, akaanza kuuliza wanawake kuhusu vyungu vyao. Akagundua jambo lililomfanya apige meza kwa furaha. Kile kipande cha protini kinachowadhuru watoto hawa ni kidogo sana katika mahindi. Katika viazi vitamu pia ni haba. Kimejaa katika nyama, maziwa, maharage. "Sista! Ugali wetu tunaoutukana, viazi vyetu vya kukausha, michembe na matobolwa, ndicho chakula cha mtoto huyu!" Alikaa jikoni kwa Bibi na mizani ndogo, wakapima pamoja: maharage kiasi hiki na si zaidi, maziwa ya mama yaendelee, uji wa namna hii, na dawa ya maji ya kusaidia mwili kutoa taka. Asali aliikataza mpaka mtoto atimize mwaka, kwa hofu ya vijidudu vinavyowadhuru wachanga, na katika nchi yetu kumkatalia mtu asali ni kuingilia dini. Bibi alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeharibiwa na shule, lakini alitii.

Pamoja na chakula akaandika kadi ya njano, ikatundikwa msumarini nyuma ya mlango. Ilisema kwa Kiswahili kisichohitaji chuo: mtoto huyu akipata homa au kutapika, hata kidogo, asingoje. Apewe maji ya sukari mara moja, aachishwe maharage na nyama, apelekwe zahanati, atundikiwe dripu ya sukari, kisha itafutwe sababu ya homa.

Wakati huohuo alikuwa anapigana vita nyingine. Aliomba fedha za utafiti ili watoto wa wilaya zetu wapimwe damu wanapozaliwa, na wale wenye alama wapigwe picha. Wakubwa wa afya wakaja kumsikiliza. Mmoja wao, mtu mwema tu, akamwambia, "Daktari, mkoa huu una malaria. Unataka tuhangaike na ugonjwa wa watoto wachache?"

Akajibu, "Mheshimiwa, malaria inabisha hodi nyumba zote. Lakini ziko nyumba ambazo mlango wake ni wa karatasi. Mimi naomba tu tujue ni zipi."

Walicheka, wakampa karatasi za kukusanyia damu na ahadi ya kufikiria. Aliziweka kabatini kama mtu aliyepewa shamba. "Ni mwanzo," akasema. Njiani kurudi nyumbani alilaumu kila kitu, jua, barabara, kiatu chake. Kushindwa kulimfanya mgomvi, na aliyekuwa karibu ndiye aliyelipia.

Kabula alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minne, hodi ikapigwa.

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Baba na mama walikuwa kwenye bani, wakitunza moto wa kukaushia majani. Bibi alikwenda kuchuma mlenda. Kabula alilala mkekani kivulini, na kando yake, kwenye kiti ambacho Daktari alimtengenezea kwa seremala wa Isevya, alikaa Mihayo. Mihayo hatembei. Mikono yake haimtii, na maneno humtoka kwa shida, moja moja. Lakini akili yake ni nzima kabisa, na alikuwa akisikia kila kilichosemwa katika nyumba ile juu ya homa.

Aliona dada yake ametapika. Aliona mashavu yake na pumzi yake ya harakaharaka. Hakuweza kumfikia. Basi akatafuta neno moja aliloweza kulitamka, akalipiga kwa nguvu zote za kifua chake: "Moto! Moto!"

Ukitaka kuona wakulima wa tumbaku wakikimbia, taja moto msimu wa mabani. Walikuja kutoka pande zote na ndoo, na majembe, na matawi mabichi. Baba alifika wa kwanza, akazunguka nyumba hakuona moshi. "Moto uko wapi?" akamwuliza kwa hasira. Mihayo akamwonyesha kwa kidevu. Baba akainama, akamgusa Kabula kwenye paji la uso.

Mama alichukua kadi msumarini. Maji ya sukari yalianza palepale, kijiko baada ya kijiko, na bodaboda ikaitwa. Zahanatini walimkuta mganga kijana aliyehamia juzi. Akamgusa mtoto, akasema ni homa ya kawaida, wakae kwenye foleni.

Mama Mihayo aliiweka kadi mezani juu ya daftari lake. "Soma kwanza, mwanangu. Ukishasoma ndiyo uniambie foleni."

Kijana akasoma. Kwa heshima yake niseme, alisoma mara mbili, kisha akainuka. Dripu ya sukari ikaingia. Kipimo kikaonyesha malaria, dawa ikafuata. Akapiga simu iliyoandikwa chini ya kadi. Nilikuwa karibu na Daktari alipoipokea. Aliuliza maswali manne, akasema, "Umefanya vizuri sana, kijana wangu. Usiitoe dripu," na alipokata simu akaanza kutafuta funguo za gari. Baada ya dakika chache tulikuwa garini kuelekea Usoke.

Homa ilishuka jioni, lakini Daktari hakufurahi. Hata homa ya Mihayo ilishuka hivyo wakati ule. Kilichotisha kilikuwa siku ya pili na ya tatu, ndipo mikono huanza kujipinda. Alikaa kando ya kitanda siku zote mbili. Alimpa Kabula kijiko, akatazama vidole vyake. Alimpa kitasa cha mlango kilichong'oka, kipande cha kitenge, kizibo. Mtoto alikuwa mchovu, hakutaka kitu. Siku ya pili ikapita hivyo, amelala tu, nasi hatukujua kama ni uchovu au ndiyo yenyewe. Mama alikuwa ameacha kuuliza. Bibi alishika tasbihi aliyoazimwa na jirani, na yeye si wa dini hiyo.

Asubuhi ya tatu Daktari aliinama kumsikiliza kifua. Kabula akafumbua macho, akatazama miwani iliyokuwa juu yake, akainua mkono wa kulia, akaidaka. Akavuta. Daktari hakuthubutu kusogea. Akaleta na mkono wa kushoto, akavuta kwa yote miwili mpaka miwani ikatoka masikioni, akaitia mdomoni.

"Mmeona?" Daktari alipiga kelele, kipofu bila miwani, akigeukia ukuta badala ya sisi. "Mmeona? Amevuta kwa kulia, na kushoto kumesaidia! Vidole vimefunguka! Mama, amevuta!"

Bibi akapiga vigelegele vilivyowatoa wagonjwa vitandani. Akamshika Daktari mikono, na yule mzee mkavu, ambaye harusini alikaa kama jiwe, akacheza. Alicheza vibaya sana, hatua zote nje ya mdundo, katikati ya wodi ya zahanati, huku mganga kijana akipiga makofi. Tulikwenda nyumbani kwao kumpa Mihayo habari. Daktari akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Wewe," akamwambia, "ndiye uliyefanya kazi ya daktari." Mihayo akachukua muda kuliunda neno lake. Kisha akasema, "Najua."

Kabula alipofikisha miaka mitatu tulikwenda naye Dar es Salaam kwenye ile mashine ya sumaku, ili tujue ndani kukoje. Aliiona, akagoma. Alishika mlango kwa miguu na mikono. Tukambembeleza, haikufaa. Mwisho akamwuliza Daktari, "Wewe umeshaingia?"

Nilimwona Daktari akinitazama. Angeweza kudanganya. Akavua viatu, akatoa funguo na mkanda, akalala. Alipoingizwa kwenye tundu niliona nyayo zake zikitetemeka ndani ya soksi. Alikaa humo mpaka kelele zote zikaisha. Alipotolewa shati lilikuwa limelowa, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kama kulala ndani ya ngoma. Zamu yako." Kabula akalala.

Picha zake niliziona zikifunguka kwenye kioo. Mbawa za popo zilikuwapo bado, zimepungua. Lakini katikati, pale panapoendesha mikono na miguu, pale ambapo kwa Mihayo palikuwa peusi na penye makovu, kwa Kabula palikuwa pazima. Daktari hakuisoma kwa sauti picha hiyo. Alivuta kiti, akamketisha Mama Mihayo mahali pake, akamwonyesha mwenyewe kwa kidole. "Hapa," akasema. "Hapa hakuna mtu amegusa."

Picha hizo mbili, ya kaka na ya dada, ndizo alizowapelekea wale wakubwa. Safari hii hakutoa hotuba. Aliziweka kando kwa kando, akawaeleza ipi ni ya nani, akakaa. Yule mtu mwema aliyeuliza kuhusu malaria alizitazama, akasema, "Huu ndio mlango wa karatasi?" Mwaka ule ule mpango ukakubaliwa. Tulifundisha wakunga wa Urambo na Sikonge, tukaenda Ulyankulu ambako kwenye ibada ya Jumapili upimaji wa watoto ulitangazwa kabla ya matoleo. Watoto wengine wakapatikana. Si wote tuliowawahi. Mmoja alifariki na Daktari alikwenda maziko, akakaa nyuma, hakujitambulisha. Lakini wengine wanatembea, na Kabula sasa yuko shuleni, anamsukuma kaka yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka darasani kwake kabla ya kwenda darasa lake mwenyewe, na mwalimu analalamika kwamba Mihayo anamsaidia dada yake mno hesabu.

Daktari alistaafu. Hakutaka sherehe, alipofanyiwa alikula wali wote akaondoka kabla ya hotuba. Ilipita miaka miwili bila kumwona. Kisha asubuhi moja, mwaka huu, alikuja hospitalini kumtazama jirani yake, na nikamkuta amepotea njia, amesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi. Nikamwamkia. Kabla hajajibu, mkunga mmoja msichana alitoka na sinia mkononi, karatasi za damu zimepangwa juu yake.

"Mzee, hapa si pa kusimama," akasema. "Muda wa kuona wagonjwa bado. Tafadhali sogea kule."

Nilifungua mdomo nimweleze anaongea na nani. Daktari akanibana mkono. "Mwache. Yuko kazini." Akasogea kando ya dirisha, mgongo ukutani, kama alivyoagizwa.

Mkunga akaingia wodini, na mlango ukabaki wazi nusu. Tulimsikia yule mkunga akimweleza mzazi, polepole, kwamba ni tone moja tu la damu kisiginoni. Kwamba wapo watoto wazima kabisa ambao homa ndogo huweza kuwavunja, na wakijulikana mapema hawavunjiki.

"Na hii imeanzishwa na nani?" mama akauliza.

Mkunga akafikiri kidogo. "Sijui. Nilikuta inafanyika. Hapa kila mtoto tunampima."

Daktari akafunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani ameumia, nikamgeukia, nikakuta mabega yanamruka kwa kicheko. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Sista, umesikia? Kila mtoto!"

Ndani, sindano ikagusa kisigino, na mtoto akalia kwa sauti kubwa, ya hasira, iliyoijaza korido nzima. Daktari aliisikiliza mpaka ikaisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake kumtafuta jirani yake.